Muntu wa Chini Hana Mukono

Nikiamka asubuhi siku hizi, ukungu bado umelalia migomba, ninakuta mikono yangu imekunjika kama inashika kitu. Vidole vinachelewa kufunguka. Mume wangu anasema, "Mama Faida, achilia sasa. Muntu alishashuka." Tunacheka. Lakini mimi bado nusu niko usingizini, na katika nusu ile ninasikia sauti ya Musafiri kutoka juu, mbali, kama inatoka ndani ya mawingu: "Iko?" Na mudomo wangu unajibu wenyewe: "Iko."

Niliacha kazi kiangazi hiki. Wale waliobaki katika timu ya usafi ya hospitali yetu waliniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tunafanya, kwa sababu, wanasema, Mama unaongea sana lakini tunasahau. Haya, ninaandika. Kiswahili changu ni cha huku kwetu, kimetoka Walikale kikapanda Masisi, na njiani kimeokota Kifaransa kidogo. Mwenye kutaka cha shule aende shule.

Kazi yangu ilikuwa kushika eshele. Wengine wanaiita ngazi, ni kitu kile kile. Musafiri njo, yaani ndiye, alikuwa anapanda kusafisha vitre, vile vioo vya madirisha ya etaje, kule ghorofani, na mimi nilikuwa chini. Watu wakiniuliza ninafanya nini kule hospitali, nikawajibu kwamba ninashika eshele, walikuwa wananyamaza na kungoja, wakifikiri jibu bado linakuja. Hakukuwa na lingine.

Kwetu Walikale ni pori. Watu wanapanda miti mirefu kutafuta asali na hakuna anayewashikia mti. Siku ya kwanza nilipofika kazini nilisimama mbele ya jengo lile nikiwa na ndoo mukononi, nikatazama juu. Ndani ya vitre za etaje kulikuwa na kilima kizima: malisho, ngombe, ukungu unapanda polepole. Nikashangaa. Nikamuambia shefu wetu, Papa Bauma, kwamba kuna ngombe ndani ya sali, chumba cha wagonjwa.

Hakucheka. Papa Bauma alikuwa muntu wa kufikiri kwanza. "Hapana, mama," akasema. "Ngombe ziko nyuma yako. Lakini tukisafisha muzuri, utaziona na humu pia."

Papa Bauma alikuwa anachechemea, muguu wa kushoto. Yeye njo alinifundisha yote ninayojua, na alianza na udongo. Kabla ya kuangalia eshele, angalia pale itakaposimama. Huku Masisi mvua inanyesha hata wakati muliambiwa hainyeshi, na udongo wetu ukilowa unakuwa sabuni. Alikuwa ananituma na jembe nichimbe vishimo viwili, niweke ubao ndani, ubao wenye mbavu ya kuzuia miguu isiteleze. Kisha eshele tunaisimamisha sisi wawili, mumoja anakanyaga chini, mwingine anaisukuma kutoka kichwani. Ukitaka kujua kama imelala sawa, simama vidole vya miguu vikigusa miguu yake, nyoosha mikono mbele. Viganja vikifika kwenye kipandio bila kuinama na bila kujivuta nyuma, njo vile. Ikiwa imesimama sana, itaanguka nawe kinyumenyume. Ikiwa imelala sana, itakimbia chini yako. Na kichwa chake kisiegemee vitre hata siku moja, kiegemee ukuta. Tulikivalisha vipande vya pineu, mupira wa gari wa zamani, ili kisikwaruze na kisiteleze, na yule wa juu akifika anakifunga kwa kamba kwenye chuma cha dirisha.

Yule wa juu naye ana sheria zake. Ndoo inaning'inia kwenye ndoano, haibebwi. Mukono mumoja unafanya kazi, mwingine unashika. Kitovu chako kibaki katikati ya mbao mbili. Kikitoka nje, wewe na kitovu chako mutafika chini pamoja. Kona ya vitre isiyofikika usiifuate. Unashuka, munahamisha eshele, unapanda tena. Wavivu tu njo wanajinyoosha, na Papa Bauma alikuwa anasema wavivu wa juu hawazeeki.

Ya muntu wa chini ilikuwa moja. Siku ile ya kwanza aliniita karibu na ukuta, akanionyesha muguu wake mubovu.

"Unajua huu ulivunjikaje?"

"Hapana, Papa."

"Kwa heshima."

Sasa, huku kwetu hausalimie muzee kwa mukono mumoja. Unatoa wa kuume, na wa kushoto unaushika mukono ule pale karibu na kiwiko, ili mikono yote miwili iende kwake. Papa Bauma, zamani, kabla ya hospitali, alikuwa anasafisha madirisha ya muchuuzi mumoja mwenye nyumba ya etaje karibu na soko. Aliyemushikia eshele alikuwa kijana mwenye adabu. Akapita pasta, akanyoosha mukono. Kijana akaupokea kwa mikono miwili, akapiga na goti kidogo.

"Alisalimia muzuri sana," Papa Bauma akaniambia. "Nilikuwa ninamuona kutoka juu. Na wakati wa kushuka nikamuona muzuri zaidi."

Basi sheria ikawa hiyo: muntu wa chini hana mukono. Yule anayetaka kumusalimia atamupa kiwiko, kama tunavyofanya muntu akiwa na mikono michafu ya shamba ao ya chakula. Unagusa kiwiko, mambo yanaisha.

"Hata akikuja nani?" nikauliza.

"Hata akikuja nani."

"Na akikuja mukwe?"

Hapo akafikiri. "Mukwe njo mubaya zaidi," akasema. "Kwa sababu utakuwa unataka."

Hakujua alichokigusa. Ao alijua, maana Masisi habari zinatembea kuliko magari. Papa mukwe wangu, baba ya mume wangu, alikuwa mulimaji wa Ngungu, muntu wa viazi na ngombe, mwenye kofia na koti hata wakati wa jua. Alitaka mutoto wake aoe musichana wa kilimani. Mimi alikuwa ananiita yule wa pori. Wakati wa ndoa alikataa kushuka Walikale kukaa na baba yangu, walienda wajomba tu. Na tangu nilipoingia katika nyumba yake sikupata mukono wake. Nilikuwa ninatoa yangu miwili, nimeinama, na yeye anajibu kwa mudomo tu, "Ndiyo, jambo," huku mikono yake iko nyuma ya mugongo. Kila mara. Mbele ya wageni, mbele ya watoto wangu. Iliniuma, sitaficha. Ninyi vijana mutasema mukono ni kitu gani. Nyamazeni mwanzo, muolewe, kisha mutaniambia.

Nirudi kwenye kazi.

Musafiri alikuja kwetu kijana mwembamba, mutoto wa familia iliyokimbia vita kutoka upande wa Mweso. Hakuogopa kwenda juu. Alikuwa anaimba nyimbo za kwaya akiwa kule, na akifika pale sauti inapanda, yeye naye anapanda kipandio kimoja. Alikuwa ananidondoshea maji kichwani na kusema, "Mama, mvua." Kila alipokuwa anataka kuhama ao kunyoosha mukono alikuwa anauliza, "Iko?" maana yake eshele imeshikwa, wewe uko pale, hausinzii. Na mimi ninajibu, "Iko." Hatukuwa na neno lingine la kazi. Miaka yote ile tuliongea neno moja, na nadhani katika hilo tuliambiana mengi kuliko watu wa kwenye mikutano.

Kutoka chini dunia ni nyingine. Ninaona nyayo za bote, viatu vya mupira vya Musafiri, matope yamekauka katika mistari yake. Ninaona povu linashuka kwenye kioo, kisha raklete, ile mupira ya kuvutia maji, inapita, na nyuma yake mbingu inafunguka. Mawingu yakitembea juu ya paa, na wewe umeinua kichwa, basi nyumba yenyewe inaanza kutembea. Inakuja kwako polepole, na wagonjwa wake, vitanda vyake na harufu ya dawa, kama inakwenda safari na imekukuta njiani. Papa Bauma alinikataza kuangalia mawingu. Angalia bote, alikuwa anasema. Niliangalia bote. Lakini nyumba nayo niliiona inatembea, mara nyingi, na siombi samahani, ilikuwa nzuri.

Kulikuwa na kazi ngumu. Volkano ikipumua upande ule, majivu yanakuja na upepo yanakaa kwenye vitre kama unga. Musifute makavu hata siku moja. Yale ni mawe madogo, yatakwaruza kioo na hakitapona. Mwaga maji kwanza, mengi, acha yashuke na mizigo yake, njo uguse. Na wakati wa masasi, vita ikitukaribia, waganga wa hospitali walibandika skochi, utepe wa gundi, kwenye kila kioo, mistari miwili inayokatana, ili kikivunjika kisirukie wagonjwa. Utulivu ukirudi, skochi inatoka lakini gundi inabaki. Hapo ni petroli kidogo kwenye kitambaa, kisha sabuni, kisha uvumilivu. Tulifuta misalaba ile dirisha kwa dirisha. Mara nyingine tulimaliza upande mumoja na watu wakaanza kubandika tena upande wa pili. Musafiri alikuwa anaimba tu.

Sasa ile siku.

Mama mukwe wangu alikuwa ameugua, akalazwa kwetu. Mimi nilimupikia, nikamufulia, nikamugeuza kitandani mpaka akapona, kisha akarudi Ngungu. Sikufanya hivyo kwa kutaka kitu, alikuwa mama mwema. Lakini kule nyumbani, mume wangu alinieleza baadaye, mama yule alimuambia muzee wake: "Nenda umusalimie yule mwanamuke. Na mukono."

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikaacha. Tulikuwa upande wa mulango mukubwa, pale wagonjwa wanapongojea, na chini yetu ni mawe ya volkano, meusi, yenye meno. Musafiri alikuwa kwenye vipandio vya mwisho. Amefungua kamba ya kichwani ili tuhame, bado hajaanza kushuka. Njo wakati mubaya kuliko yote, hapo eshele haina mwingine isipokuwa wewe.

Nikaona kofia inapanda njia. Kisha koti. Ametembea kutoka Ngungu kwa miguu, matope mpaka magotini, na kitunga mukononi, ndani kuna maharagi na fromaji, jibini ya kilimani, iliyofungwa kwenye majani. Akasimama mbele yangu. Watu kwenye mabenchi wakageuka, wengine walikuwa wa kwao, walijua. Akaweka kitunga chini. Akanyoosha mukono.

Ulikuwa mukono mukubwa, wenye mipasuko ya jembe. Nilikuwa sijawahi kuuona karibu hivyo.

Na juu, Musafiri, ambaye haoni kitu: "Iko?"

Mikono yangu ilitaka kwenda. Ninawaambia kweli, niliisikia inataka kwenda, kama mbuzi waliosikia mulango wa zizi. Nikafunga vidole kwenye mbao mpaka vikawa vyeupe.

"Iko," nikajibu kwenda juu. Kisha nikamuambia yeye, chini, kwa sauti ya kuomba: "Papa, unisamehe. Mikono hii sasa haiko yangu." Nikasukuma kiwiko changu mbele.

Akakiangalia. Akaniangalia mimi. Kiwiko tunamupa mwenzetu wa shamba. Kumupa papa mukwe aliyetembea njia ile yote, mbele ya watu, baada ya miaka ile yote, hakuna aliyewahi kusikia. Mukono wake ukabaki hewani. Kisha akaurudisha nyuma ya mugongo, pale ulipokuwa unakaa siku zote.

"Ndiyo," akasema. "Jambo."

Akaenda. Musafiri alikuwa anashuka kipandio kimoja kimoja, kama nilivyomufundisha, na mimi nilikuwa ninamulaani kimoyomoyo kwa kushuka muzuri. Bote zake zilipogusa udongo nikakimbia mpaka kwenye barriere, pale pa kuingilia hospitali. Ukungu ulikuwa umeshuka, njia ni nyeupe tu. Nilirudi nikakaa karibu na kitunga, nikalia. Musafiri alikaa pembeni yangu. Baadaye watu wa kwenye mabenchi walimueleza, na tangu siku ile alikuwa ananiangalia tofauti. Lakini yeye kuishi hakukunipa mukono ule.

Mume wangu alipanda Ngungu kueleza. Muzee alimusikiliza mpaka mwisho, akajibu maneno matatu: "Alinipa kiwiko changu." Hayo njo niliyoletewa. Mpaka leo ninayazungusha kichwani, kiwiko changu, kama kiwiko ni chakula ambacho muntu anaweza kupewa kiasi chake.

Miaka ikapita. Papa Bauma alilala, tukamuzika kilimani. Eshele ya mbao ikaenda, ikaja ya aliminyumu, nyepesi, na mimi nasema nyepesi ni hatari zaidi, inatishwa na upepo. Niliendelea kushika. Hospitali nzima ilikuwa imezoea: muganga anayepita, mulinzi, mama mwenye mutoto mugongoni, kila mumoja ananigusa kiwiko na kuendelea. Wengine waliniita Mama Kiwiko. Kila mara nilipoguswa pale, nilikumbuka.

Kisha papa mukwe akaugua kifua. Wakamuleta, wakamuweka etaje, sali ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Mimi nilikuwa ninaleta chakula, ninakiweka, ninasalimia. "Ndiyo, jambo," na mikono yake iko chini ya blanketi.

Siku ya kusafisha upande ule ilifika. Musafiri akapanda, naye siku hizi ni papa wa watoto, ana tumbo kidogo. Alipofika juu akaniinamia: "Mama, muzee wako iko hapa. Dirisha iko wazi kidogo. Iko anatuangalia."

Nikainua macho. Katika vitre kulikuwa na kilima, malisho, ngombe, na katikati ya ngombe uso wa papa mukwe wangu bila kofia. Ilikuwa mara ya kwanza aniangalie kutoka juu. Sikujua anaona nini. Kichwa changu chenye kitambaa, nadhani, na mikono.

Daktari mukubwa akapita, pamoja na wageni wenye mashati meupe. Alifika kwangu, akanigusa kiwiko, "Mama Faida, habari ya asubuhi," nikasema nzuri, daktari, bila kutoa macho kwenye bote. Wageni nao wakagusa kiwiko, mumoja mumoja, wakicheka kidogo, kwa sababu waliona yeye amefanya hivyo. Wakaenda.

Ilikuwa baada ya hapo. Kwenye kona ya dirisha mbayuwayu walikuwa wamejenga, na Musafiri alipofungua kamba ya kichwani ili tuhame, karibu na kiota, ndege akamurukia usoni. Akashituka, muguu ukateleza kwenye povu. Eshele ikaruka upande kama kitu chenye uhai. Nikaitupia kifua, nikaikumbatia, shavu langu likapiga kwenye chuma. Raklete ikaanguka karibu na mimi. Nikangoja kilichokuwa kinafuata. Hakuna kilichofuata.

Kisha kutoka juu, sauti nyembamba, ya mutoto karibu: "Iko?"

"Iko," nikasema.

Nilipoinua macho, muzee alikuwa amesimama, yeye ambaye waganga walimukataza kusimama. Amebandika kiganja kizima kwenye kioo, kana kwamba angeweza kutuzuia kutoka kule ndani.

Musafiri alishuka, akakaa chini, akanywa maji. Tulicheka. Kisha nikachukua ndoo na kitambaa, kwa maana vitre za ndani zilikuwa zangu, nikapanda etaje.

Kwenye kioo, upande wa ndani, kulikuwa na alama ya mukono wake. Kiganja, vidole vyote, na mipasuko ya jembe pia. Nyuma yake kilima kilikuwa kinaonekana safi kabisa.

Yeye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, anahema. Akaangalia ndoo katika mukono wangu mumoja, akaangalia kitambaa katika mwingine. Akatoa mukono wake chini ya blanketi. Nikadhani atanyoosha kiganja. Hakunyoosha. Akaukunja, polepole, kwa taabu ya muntu mugonjwa, akanisogezea kiwiko chake.

"Wa kazini haachilie," akasema. "Nimeona." Akapumua. "Mutoto wangu. Iko?"

Niliweka ndoo chini. Niliweka kitambaa. Nikapangusa mikono kwenye kikwembe changu, yote miwili, haikuwa na kitu cha kushika isipokuwa kile, nikapiga goti, nikakipokea kiwiko cha papa mukwe wangu.

"Iko, Papa," nikasema.

Kioo kile, upande wa ndani, sikukifuta siku ile.